Usiongeze Neno Lisilosemwa

Columbus, Ohio
9 Machi 2025

Kwako mwanangu mpenzi,

Ramadhani karimu kwako na kwa wenzako wa hapo Houston.

Nimefurahi mno kusikia kwamba umeamua kufanya LSAT ya Agosti, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria. Baba yako naye alinipigia simu kutoka Tanga, akauliza kwa nini binti anayemaliza shahada ya uchumi apimwe upya kana kwamba ndiyo kwanza anatoka shule. Nimemweleza kwamba Marekani sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, kwa miaka mitatu, tofauti na kwetu ambako kijana hutoka kidato cha sita akaenda moja kwa moja Mlimani, Dar es Salaam, kuanza LLB, shahada ya sheria. Wanaoomba hapa wametoka kwenye masomo ya kila aina, huyu fizikia, yule muziki, kwa hiyo vyuo vilitaka kipimo kimoja cha wote, na mtihani huu ukaanza kutolewa mwaka 1948. Hauulizi kifungu chochote cha sheria. Unataka kujua kama mtu anaweza kusoma maneno ya mwenzake, akapima yamesimama juu ya nini.

Hapo ndipo nina la kukuambia, maana kazi yangu ya ukalimani mahakamani inadai jambo hilo hilo. Kabla shahidi hajafungua kinywa, mkalimani huapishwa kwamba atafikisha yaliyosemwa, bila kuongeza wala kupunguza. Shahidi akisema, "Nilimwona akitoka dukani usiku," basi hilo tu ndilo alilosema. Hakusema mtu yule aliiba. Hakusema duka lilikuwa limefungwa. Wasikilizaji wengi huyajaza hayo wenyewe, kisha wakaamini kwamba wameyasikia. Mtihani wako umejengwa juu ya udhaifu huu wa binadamu. Majibu mengi yasiyo sahihi utakayokutana nayo yanavutia kwa sababu yanasema jambo ambalo kichwa chako kimeshaliongeza, ilhali kwenye karatasi halipo.

Mtihani wenyewe una sehemu nne, kila moja dakika 35, na mapumziko ya dakika 10 katikati. Sehemu mbili za hoja na moja ya ufahamu ndizo zinazohesabiwa. Ya nne ni ya majaribio, haihesabiwi, lakini hutaambiwa ni ipi, kwa hiyo zote zifanye kwa moyo mmoja. Alama huanzia 120 hadi 180. Jibu lisilo sahihi halipunguzi kitu, basi usiache swali hata moja wazi. Zikibaki sekunde chache, jaza yote yaliyosalia.

Katika sehemu za hoja utapewa maneno machache ya mtu anayedai jambo. Kazi ya kwanza ni kutenga hitimisho lake na sababu alizozitoa. Nikutungie mfano. "Tangu manispaa iweke taa mpya kwenye barabara ya sokoni, ajali za usiku zimepungua. Kwa hiyo taa ndizo zilizopunguza ajali." Kilichosemwa ni vitu viwili: taa zimewekwa, ajali zimepungua. Kwamba hili limesababisha lile ni hatua aliyoiruka mwenyewe. Pengine polisi walianza doria wakati ule ule. Pengine daraja la mbele lilifungwa, magari yakawa machache. Swali linaweza kukutaka uidhoofishe hoja, uiimarishe, au utaje dhana ambayo msemaji ameiegemea kimyakimya. Ukishauona ule mwanya kati ya sababu na hitimisho, maswali hayo yote matatu yanaulizia mahali pamoja.

Kuna pia hoja za masharti, na hizi utazizoea haraka ukianza na lugha yako. Wazee walisema penye moshi hapakosi moto. Ukiona moshi, una haki ya kusema moto upo. Ukijua moto haupo, una haki ya kusema moshi haupo. Lakini ukiuona moto, methali haijakupa ruhusa ya kudai kuna moshi, kwa maana mkaa uliokolea huwaka bila moshi. LSAT itakurudishia jambo hili mara nyingi, ikiwa imevaa nguo za mikataba, madaktari, viwanda na ndege wanaohama. Usihadaike na mavazi.

Sehemu ya ufahamu ina vifungu vinne, na kimoja kati yavyo ni jozi ya maandishi ya waandishi wawili wanaozungumzia jambo moja. Mada hutoka kwenye sheria, sayansi, sanaa na masomo ya jamii. Una karibu dakika tisa kwa kila kifungu pamoja na maswali yake, kwa hiyo usijaribu kukariri. Soma ukijiuliza: mwandishi anataka nini, anampinga nani, na kila aya inamfanyia kazi gani? Umeniambia unaogopa Kiingereza chao kizito. Mwanangu, hofu hiyo naielewa, lakini dawa yake iko bure. Maamuzi ya Mahakama Kuu ya Marekani yamewekwa kwenye tovuti yake kwa kila mtu. Kila wiki chukua uamuzi mmoja, soma kurasa chache za majaji walio wengi, kisha za jaji aliyepingana nao. Hutatahiniwa sheria hiyo. Utakachopata ni mazoea ya kumfuata mtu anayejenga hoja ndefu, na kuona mwenzake anaibomolea wapi.

Sasa namna ya kujiandaa. Wengi hukimbilia kufanya mitihani mingi ya zamani, mmoja baada ya mwingine, wakihesabu alama tu. Wewe tumia mwezi huu mtukufu kusoma bila saa. Baada ya daku na sala ya alfajiri, kabla ya kwenda darasani, fanya maswali kumi tu ya hoja. Kwa kila swali eleza kwa sauti, hata kwa Kiswahili, kwa nini jibu moja ni sahihi na kwa nini yale manne mengine si sahihi. Ukishindwa kueleza, basi hata kama umepatia, hesabu kwamba hujapatia. Weka daftari la makosa, na kwa kila kosa andika sentensi moja: ni neno gani niliongeza ambalo halikusemwa? Baada ya wiki chache daftari litakuonyesha tabia zako. Kuna anayegeuza "baadhi" kuwa "wote", kuna anayegeuza "huenda" kuwa "lazima", na kuna anayechukua jibu kwa sababu tu ni jambo la kweli duniani.

Baada ya Idi anza kupima muda, sehemu moja kwa dakika 35. Muda ukiisha, usifungue majibu kwanza. Rudi kwenye maswali uliyoyatilia shaka, uyafanye tena polepole, ndipo usahihishe. Tofauti kati ya jibu la haraka na jibu la utulivu itakuambia kama shida yako ni kutoelewa au ni mwendo. Kuanzia Idi ya Mfungo Tatu mwezi wa Juni, fanya mtihani kamili mara moja kwa wiki, saa ile ile utakayofanyia mtihani wenyewe, simu ikiwa chumba kingine. Zamu zako za wikendi pale unapotunza wazee usiziongeze miezi hiyo. Kama fedha itapungua, niambie mimi.

Kuhusu vitabu, yule rafiki yako aliyekupa vya zamani amekutendea wema, lakini ruka kurasa zote za michezo ya mantiki. Sehemu hiyo iliondolewa Agosti 2024, na sababu yake inafaa uijue. Mtu asiyeona, huko Michigan, alifungua kesi mwaka 2011 akisema maswali yale yanamtaka mtahiniwa achore michoro, jambo asiloweza kufanya. Baada ya miaka ya mashauri, pande mbili zilikubaliana mwaka 2019, na chombo kinachotunga mtihani, LSAC, kikakubali kutafuta njia nyingine ya kupima akili ya hoja. Tazama nguvu ya dai lililopangwa vizuri: lango la kuingilia kwenye sheria lilibadilishwa kwa sheria yenyewe.

Mazoezi utayapata kwenye tovuti ya LSAC iitwayo LawHub, ambako kuna mitihani kamili ya bure. Omba pia msamaha wa ada kabla hujajisajili. Umewekwa kwa ajili ya wenye kipato kama chako, na kuuomba si aibu. Kisha kuna insha ya kujenga hoja, inayoandikwa siku tofauti. Haina alama, lakini matokeo yako hayatatolewa kama hujaiwasilisha, nawe usiiandike ovyo, kwa sababu vyuo vinaweza kuisoma. Usiende kufanya mtihani ili kujaribu tu. Unaruhusiwa mara tano ndani ya miaka mitano na mara saba maishani, na vyuo huona alama zako za miaka hiyo. Kama Julai itafika na mazoezi hayajakupa alama unayoitaka, sogeza hadi Septemba au Oktoba bila kulia. Alama nzuri huvuta ufadhili, na ufadhili ndio utakaokuwezesha kesho kuchagua kazi bila kusukumwa na deni.

Nalisema hilo kwa sababu najua unataka kuwatetea watu kama wale ninaowakalimania. Wengi wao ni Wakongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma. Wanakuja mahakamani kwa ajili ya notisi ya kuhamishwa nyumba, malezi ya watoto, kosa la barabarani. Nimeona wakili anayesikiliza anavyoibadilisha asubuhi nzima ya mtu wa namna hiyo, na nimeona hasara ya wakili aliyekwisha kuamua mteja wake anasema nini kabla hajamaliza kusema. Tabia unayoijenga sasa kwenye maswali kumi ya alfajiri ndiyo utakayoingia nayo mahakamani. Kwa hiyo usiuchukulie mtihani huu kama kikwazo cha kurukwa upesi.

Jumapili ya kwanza baada ya Idi nipigie, uwe na daftari mkononi. Tutapitia makosa yako moja moja, na kila utakaponiambia msemaji alimaanisha hivi au vile, nitakuuliza, "Limesemwa wapi?" Usinionee haya, nijibu kwa kunionyesha mstari.

Mwenyezi Mungu akufungulie fahamu, akupe subira na afya.

Wasalaam,
Ni mimi shangazi yako akupendaye