Nimeshika Nini?

Mjomba alizikwa Alhamisi baada ya Alasiri, na arobaini yake haijafika mpwa wangu alikwisha kubandika tinti kwenye kioo cha mbele cha gari lake, peke yake, uani kwa dada yangu Mbagala. Alinipigia simu kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani ya wageni. "Shikamoo, Mjomba. Njoo mara moja uone. Kuna malengelenge kidogo."

Niliendesha mwenyewe kutoka Temeke. Hayo malengelenge kidogo yalikuwa yameenea kioo kizima, kama ngozi ya mtu aliyemwagikiwa na uji wa moto. Chini, karibu na dashibodi, karatasi ilijikunja kama marinda ya sketi. Unywele mmoja mrefu, nadhani wa dada yake, ulinasa kwenye gundi mbele kabisa ya macho ya dereva. Nilikuja nimejiandaa kugomba. Lakini aliyenifundisha kugomba kwa ajili ya kioo ndiyo kwanza tumemfukia, na maneno hayakutoka.

Huyo marehemu hakuwa mjomba wangu wa damu. Mtaa mzima wa Gerezani ulimwita Mjomba, kuanzia wauza spea hadi trafiki, na jina hilo limenirukia mimi bila kuniuliza. Hata leo nikiitwa hivyo gereji nageuka nyuma kumtazama.

Mimi ni mtoto wa Muheza. Baba alikata mkonge, mama aliuza machungwa stendi, nikamaliza darasa la saba mwaka 1982 na jina langu halikuwamo kwenye orodha ya waliochaguliwa. Dar nilifika 1986, nikaosha magari miaka mitano kwa ndoo na tambara. Siku moja mzee mmoja aliyevaa msuli na shati la kaunda alisimama akanitazama, akaniuliza kwa nini kioo cha ndani nakipangusa mara mbili. Nikamjibu kwamba mara ya kwanza natoa vumbi, mara ya pili natoa mistari ya tambara. Kesho yake nilianza kazi kwake. Ilikuwa 1991, enzi ya Mzee Ruksa, na magari ya mitumba kutoka Japani yalikuwa yanashuka bandarini kila kukicha.

Kazi yenyewe Mjomba aliipata Muscat, kwenye jua ambalo usukani ukiushika saa saba mchana unaacha alama kiganjani. Alirudi na rola mbili za tinti, kila moja ina upana wa sentimita 152 na urefu wa mita 30, na raba moja ya kukokotea maji ambayo mpini wake ulikuwa umelika kwa umbo la kidole gumba chake. Akafungua kibanda cha mabati. Kila asubuhi, kabla gari halijaingia, tulimwagia sakafu maji ili vumbi lilale. Milango tukaifunga, tukatoka jasho humo ndani kama mikate kwenye tanuri. Feni ilikuwepo, lakini ole wako uiwashe.

Wasiojua kazi hii hudhani ni ya gundi. Karatasi ya tinti ni plastiki nyembamba kuliko ganda la kitunguu, ina gundi upande mmoja, na gundi hiyo imefunikwa na plastiki nyingine angavu. Ukiibandua ile angavu huku mikono mikavu, karatasi inajishika yenyewe, na hapo umeshamnunulia mteja karatasi nyingine. Kwa hiyo unapuliza maji yenye matone machache ya shampuu ya mtoto kwenye kioo, kwenye gundi, na kwenye vidole vyako. Karatasi inaelea. Unaisogeza mpaka ikae, kisha unaanza kukokota maji kutoka katikati kwenda nje. "Fundi ni maji," Mjomba alikuwa akisema. "Wewe kazi yako kuyaonyesha mlango."

Ugumu uko kwenye tumbo la kioo. Karatasi ni bapa, kioo cha nyuma na cha mbele vina tumbo, na ile ziada inasimama pembeni kama vidole. Zamani, kabla ya mashine za upepo wa moto, kioo cha nyuma tulikibandika vipande vipande tukifuata ile mistari ya kukausha ukungu, ili maungio yajifiche. Baadaye tukajifunza kuilaza karatasi kwa nje, kuichoma taratibu isinyae hadi ichukue umbo, ndipo tunaihamishia ndani. Na karatasi husinyaa kufuata urefu wa rola, haifuati upana. Ukiilaza visivyo, utaichoma mpaka Magharibi na vidole vitabaki vinakukonyeza. Hili nimelirudia kwa vijana zaidi ya ishirini, na wawili tu ndio waliolishika.

Mwenzangu niliyeanza naye alilishika mapema, na mengine akayaacha. Alifungua duka lenye kiyoyozi na bango la "tinti inayozuia joto". Rola zake nilizijua. Zilikuwa za rangi tupu, zile zinazogeuka zambarau jua likizipiga miaka michache. Simtaji jina. Wateja wake waliokuja kwangu kubandua wanalo.

Ugomvi wangu na Mjomba haukuwa wa rangi wala wa moto, ulikuwa wa kioo cha mbele. Vioo vya nyuma alibandika giza lolote ulilotaka. Cha mbele hakukigusa, isipokuwa ule mkanda mwembamba wa juu, na hata huo aliupima kwa kiganja. Mteja akikazania vya pembeni mwa dereva, Mjomba alimfanyia mtihani. Alimwambia arudi jioni, akamketisha kwenye usukani, akaishikilia karatasi kwenye dirisha, kisha akanituma mimi nitembee hatua ishirini nikiwa nimevaa fulana nyeusi. "Mwulize." Nami nikauliza kwa sauti, "Nimeshika nini?" Mteja akikosea, kazi hakuna. Tumepoteza fedha nyingi kwa mtihani ule.

"Mteja ananunua tinti saa sita mchana," Mjomba alisema, "lakini ataiendesha saa mbili usiku."

Mwaka 2003 Mjomba alikwenda Unguja msibani, nikabaki mwenye kibanda. Mfanyabiashara mmoja wa vitenge akaja na Mark II, anataka kioo cha mbele namba 20, yaani karatasi inayopitisha mwanga asilimia 20 tu. Alilipa mara mbili ya bei. Nikafunika dashibodi mataulo, nikachukua saa nne na nusu, na nasema bila haya kwamba sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Hapakuwa na kunjo, wala chembe ya vumbi, na zile nuktanukta nyeusi za ukingoni, ambako karatasi hukataa kushika, nilizikata kwa mstari mmoja. Wiki mbili baadaye, usiku, mvua inanyesha, yule bwana alimgonga msukuma mkokoteni. Alisema hakumwona kabisa, na mimi namwamini.

Mjomba aliporudi gari lilikuwa mbele ya kibanda, limekuja kubadilishiwa bampa jirani. Alipitisha kidole kwenye kioo kutoka kona hadi kona. "Kazi safi," akasema. "Hakuna hata unywele." Kisha akanikabidhi wembe. "Ibandue." Hakuniambia neno jingine siku ile. Yule msukuma mkokoteni alivunjika paja. Nilimpelekea uji asubuhi kwa wiki sita, na nilipomaliza Mjomba aliniuliza kwa nini nimeacha. Nikaendelea.

Baada ya hapo ungedhani tulikubaliana. Hatukukubaliana. Zilipokuja tinti za seramiki, ambazo huzuia joto zikiwa karibu nyeupe, nilimwambia, "Mzee, dunia imebadilika. Namba 70 kwenye kioo cha mbele haimdhuru mtu." Yeye akatikisa kichwa. Tulibishana hivyo miaka kumi na mitano, kwenye kahawa, harusini, mara ya mwisho hospitalini. Nami nilijiona nina hoja. Kwanza, weusi si ubaridi: tinti nyeusi ya bei rahisi inapunguza mng'aro, lakini joto linakufuata ndani. Pili, kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyoshikanishwa na plastiki katikati, na plastiki hiyo tayari huzuia karibu miale yote ya urujuanimno. Kwa hiyo anayekwambia ubandike giza mbele ili ngozi isiungue anakuuzia ulichonacho.

Hapo sasa nawageukia ninyi vijana mnaonunua vifurushi vya tinti na kubandika nyumbani. Vioo vya pembeni jifunzieni, mkiharibu mmeharibu karatasi. Cha mbele kiacheni. Wembe ukiukandamiza unaacha mkwaruzo ambao taa za gari linalokuja zitauwasha kila usiku. Moto ukiukalisha mahali pamoja, kioo kile kinapasuka. Maji yakishuka kwenye dashibodi yanaingia kwenye nyaya. Na kabla ya yote, fanyeni hesabu, maana namba hazijumlishwi, zinazidishwa. Chukua kioo kinachopitisha 75 katika 100. Mpwa wangu alibandika namba 35, akajua amebakiwa na 35. Zidisha: amebakiwa na 26. Japani, gari lake lilikotoka, hawaruhusu mbele pungufu ya 70, na Uingereza ni 75.

Nilikuwa namwandikia hesabu hiyo kwenye vumbi la boneti ndipo nikajikuta nazidisha ya kwangu pia, ile niliyobishania miaka kumi na mitano. 75 mara 70. Inatoka 52 na nusu. Niliifuta kwa kiganja kabla hajaiona.

Tuliibandua pamoja. Tuliliacha jua lilainishe gundi, tukalowesha, tukafunika mfuko mweusi wa plastiki, kisha tukavuta kutoka kona moja, polepole, kama mtu anayevua bandeji ya mtoto. Gundi iliyobaki tuliikwangua kwa maji ya sabuni na wembe uliolazwa. Nilimwonya kwamba kioo cha nyuma asithubutu kukipitishia wembe, atakata ile mistari. Mwisho nikatoa raba ya Mjomba, ambayo wanawe walinipa siku ya matanga, nikamwonyesha jinsi kidole gumba kinavyokaa. Cha kwangu hakikukaa vizuri. Cha kwake kilikaa.

Adhana ya Magharibi ilikuwa imeshapita. Nilimweleza mtihani wa hatua ishirini, nikataka aketi kwenye usukani ili nimfanyie. Akacheka. "Kaa wewe, Mjomba. Wewe ndiye fundi." Nikakaa. Akahesabu hatua kwa sauti hadi kwenye mwembe, akageuka.

"Nimeshika nini?"

Niliuona mkono. Niliona kitu kirefu mkononi. Nilikaza macho, haya yaliyonifanya nifunge kibanda mwaka jana huku nikiwaambia watu kwamba ni bega. Miaka yote nimezidisha tarakimu mbili, ya kioo na ya karatasi. Mjomba alikuwa akizidisha tatu.

"Chupa ya maji," nikasema.

Alikuja mpaka kwenye dirisha na kuiweka raba juu ya dashibodi, bila kusema kitu. Kioo kilikuwa kitupu. Nikatoa funguo za gari langu mfukoni nikampa, nikamwambia leo atanirudisha yeye Temeke.