Kadi Ilisema Wanne

Jirani yetu mmoja hapa Ikinga, mtu mwema na mkulima hodari, alituambia hivi karibuni tukiwa tumeketi barazani kwamba hakuna kazi nyepesi kama ile tuliyoifanya sisi kabla ya kustaafu. "Serikali inatoa pori, Wazungu wanaleta unga, ninyi mnagawa," alisema. "Wenzenu wanakula bure, nanyi mnalipwa kwa kuwatazama wakila." Alicheka, nasi tukacheka naye kwa kuwa ni jirani. Usiku ule hatukupata usingizi mapema.

Hatumlaumu. Wilaya yetu ya Ileje iko mpakani; ng'ambo ya Mto Songwe ni Malawi, na Tunduma, lango la kwendea Zambia, haiko mbali. Mgeni anayekimbia kwao tumezoea kumwona kwa namna moja tu: kijana wa Ethiopia au Somalia anayepitishwa njia za panya usiku, akielekea Afrika Kusini. Habari zake hutufikia anapokufa. Juni 2012 miili ya Waethiopia zaidi ya 40 ilikutwa imetupwa porini mkoani Dodoma baada ya watu hao kukosa hewa ndani ya lori, na Machi 2020 wengine 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena katika jimbo la Tete, Msumbiji, lori lao likitokea Malawi. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Huyo ndiye mkimbizi ambaye watu wa huku wanamfahamu, mpita njia. Mkimbizi anayeketi mahali pamoja miaka ishirini, akihesabiwa, akipimiwa na kupangiwa foleni, hawajamwona.

Sisi ni mume na mke. Mmoja wetu alikuwa mtunza ghala, mwingine muuguzi wa lishe. Mwaka 2015, Warundi walipoanza kuikimbia nchi yao kwa maelfu, tuliomba kazi katika makambi ya mkoa wa Kigoma na tukaipata sote wawili, jambo ambalo ni nadra kwa wanandoa. Tulipanda basi Tunduma, tukapita Sumbawanga na Mpanda. Karibu na Mpanda, abiria mmoja alituonyesha upande iliko Katumba, makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Wale walipewa ardhi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakijilisha wenyewe, na baadaye watu wapatao 162,000 miongoni mwa wakimbizi wa zama hizo walipewa uraia wa Tanzania. Tuliyatazama mashamba yao ya mahindi tukadhani tumekwisha kuelewa kazi inayotungoja.

Hatukuwa tumeelewa chochote. Mei ile Warundi takriban 50,000 walikuwa wamejazana Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya Ziwa Tanganyika na mlima mkali, pasipo barabara ya gari. Kipindupindu kiliingia, kikaua watu takriban 30. Meli kongwe ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ndiyo iliyowabeba kwa mafungu hadi mjini Kigoma, wakapumzishwa uwanjani kisha wakapakiwa mabasi kwenda kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Kambi hiyo ilikuwapo tangu 1996, ilipofunguliwa kwa ajili ya Wakongomani. Sasa ikafurika. Ramadhani ilipoanza katikati ya Juni, tulikuwa tukila daku kwa mwanga wa tochi huku mabasi yakizidi kuingia. Oktoba kambi ya Nduta ikafunguliwa upya, na Januari 2016 ikafuata Mtendeli.

Ndugu msomaji, chukua kalamu ufanye hesabu tuliyomfanyia jirani yetu siku ya pili. Kiwango cha chini kinachokubalika kimataifa ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Kambi ya watu 150,000 inahitaji basi lita milioni mbili na robo kila siku, Ijumaa na Idi zikiwamo. Bomba moja lisihudumie watu zaidi ya 250. Choo kimoja kisizidi watu 20. Chakula kinakadiriwa kilokalori 2,100 kwa mtu. Ukikisia nusu kilo tu kwa kichwa, hizo ni tani 75 kwa siku, yaani malori mawili na nusu ya tani 30. Lori likinasa kwenye tope la masika siku tatu, watoto hawangoji tope likauke. Kambi zenyewe ziko mbali na miji kwa makusudi, na sheria haimruhusu mkimbizi kutoka bila kibali. Hawezi kulima wala kufuata kibarua mjini. Anangoja lori lile lile.

Ghalani tulifanya kazi ndani ya mahema makubwa meupe. Magunia yalipangwa juu ya chaga ili yasiguse unyevu, yaliyotangulia kuingia yakitangulia kutoka. Kila gunia lililochanika liliandikwa, na unga uliomwagika ulifagiwa, ukapimwa, ukaandikwa nao. Watu hudhani wizi wa ghala ni mtu kubeba gunia usiku. Wizi tulioujua sisi ulikuwa kwenye kopo la kuchotea. Mgao ni wa majuma manne. Kopo likibonyezwa ubavuni hata kidogo, au mchotaji akiliinua kabla halijajaa, familia inakosa chakula cha siku mbili na haijui imekikosea wapi. Kwa hiyo tuliweka mizani mlangoni pa kutokea, mtu yeyote apime alichopewa. Vijana wa kuchota walituchukia mwezi mzima. Mtu aliyesoma Suratul Mutaffifin utotoni hawezi kusema hakuonywa kuhusu vipimo, na tulijiona, Mwenyezi Mungu atusamehe, kuwa watu waadilifu sana.

Kambi lililotokea jambo tunalotaka kulieleza hatuitaji, kwa kuwa kosa ni letu na si la wengine.

Kabla ya mgao hufanyika uhakiki. Kila aliyeandikwa kwenye kadi hufika mwenyewe aonekane, kwa sababu waliokufa na waliohama wasipoondolewa, chakula hutoka kwa majina yasiyo na matumbo. Jambo hilo ni la haki. Siku ya uhakiki mama mmoja alifika na watoto watatu. Kadi yake ilikuwa ya watu sita. Kadi ikaandikwa upya: wanne.

Siku ya mgao alikuja kwenye mstari wa familia za watu wanne, akasimama mbele ya mizani yetu, akasema, "Baba, sisi ni sita." Alikuwa Mwislamu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa safi. Hatukuweza kusingizia ukosefu wa mkalimani. Tulimwelewa kila neno. Tulimjibu, "Mama, karatasi inasema wanne. Nenda dawati la malalamiko." Nyuma yake walikuwako watu mia nne juani. Alikwenda dawatini, akaambiwa asubiri uhakiki ujao. Mwezi wa pili akarudi, akasema maneno yale yale, tukampa jibu lile lile. Mwezi wa tatu sauti yake ilipanda, mlinzi akamsogeza pembeni kwa upole. Tulishukuru kwamba ilikuwa kwa upole.

Wakati huo huo, upande wa pili wa kambi, katika kliniki ya lishe, alikuwapo mtoto wa kike wa miaka miwili. Muuguzi humvisha mtoto utepe wenye rangi katika mkono wa juu. Ukisoma kijani, ni salama. Njano, chini ya sentimita 12.5, ni hatari. Nyekundu, chini ya 11.5, mtoto apewe chakula dawa bila kuchelewa. Mtoto yule alikuwa amelazwa kwa homa ya mapafu, akapona, akaruhusiwa kwenda nyumbani na kijani chake. Mwezi mmoja baadaye utepe ulisoma njano. Baadaye ukasoma nyekundu. Aliyemleta kila mara ni dada yake wa miaka kumi na miwili au mitatu, ambaye akiulizwa wanakula nini nyumbani alitazama chini, akajibu, "Tunakula."

Sasa tuseme lile ambalo limetutaabisha miaka yote hii. Kila usiku sisi wawili tuliketi kwenye mkeka mmoja kula. Mmoja alisimulia habari za mama mkaidi anayegombana na mizani kila mgao. Mwingine alisimulia habari za mtoto aliyepona kisha akaanza kunyauka bila ugonjwa, na dada yake asiyesema. Tulisikilizana, tukapeana pole kwa uchovu, tukasali, tukalala. Miezi miwili na zaidi tulizila habari hizo mbili pamoja na ugali wetu, na haikutupitia akilini kwamba ni nyumba moja.

Tuliyagundua kwa bahati tu. Dada mtu alikuja kliniki siku moja na kadi ya mgao badala ya kadi ya kliniki, kwa kuwa mama yake alikosea kumpa. Muuguzi akaona jina la mama. Akaona "4". Akafungua daftari la wodi kutazama tarehe aliyolazwa mtoto, akafananisha na tarehe ya uhakiki. Siku ile watoto wawili hawakufika kuhakikiwa kwa sababu mmoja alikuwa amelala kitandani mwetu, chini ya saini yetu, na mwingine amekaa pembeni yake akimpepea.

Ushahidi wote ulikuwa mikononi mwetu tangu siku ya kwanza, nusu ghalani na nusu kliniki. Tulichukua nakala ya ukurasa ule, tukaenda dawati la malalamiko, na baada ya siku tisa kadi ikarudishwa kuwa ya sita. Chakula cha miezi iliyopita hakikurudishwa. Kanuni ilisema mgao uliopita umepita. Mtoto alianza chakula dawa, na kwa rehema za Allah utepe ulirudi kwenye kijani baada ya majuma kadhaa. Dada yake hakurudi shule. Alikuwa ameacha kwenda mwezi wa kwanza wa upungufu, akawa anatoka na wanawake kutafuta kuni za kuuza, huko nje ambako mkimbizi hatakiwi kuwapo na ambako wenyeji nao wana malalamiko ya miti yao kuisha. Alichokutana nacho huko hakutueleza, nasi hatukuwa watu wa kuulizwa tena wala wa kuuliza.

Kuna watakaosema makosa kama hayo hayakwepeki penye umati. Pengine. Lakini kwetu hakukuwa na umati. Walikuwako watu wawili na sinia moja. Na wala hatudai kwamba dawa yake ni kuyatupa makaratasi. Tulikwisha kuona mgao usio na karatasi katika siku za mwanzo za vurugu, na aliyekula vizuri alikuwa mwenye misuli. Baadaye, tulipokuwa tumerudi Ikinga, tulisikia kwamba mwaka 2023 mgao katika makambi ya Kigoma umepunguzwa hadi nusu kwa ukosefu wa fedha. Jirani alishangaa tulivyonyamaza redio iliposema hivyo. Nusu, kwake, ilikuwa neno la redioni. Sisi tulikuwa tukitazama utepe.

Ramadhani ilipokaribia kwisha mwaka ule, tuliamua zakaatul fitri yetu tuipeleke kwa mama yule. Wafanyakazi hatukuruhusiwa kutoa vitu binafsi kwa wakimbizi, na sababu za katazo hilo tunazijua na tunazikubali. Tulilivunja hata hivyo. Tulipima mchele, pishi kwa kila kichwa cha nyumba yetu, tukaongeza sukari na mafuta, tukaenda kwake usiku wa kuamkia Idi, baada ya takbira kuanza kusikika kutoka msikiti wa mabati.

Alitukaribisha, akatandika mkeka. Wale watoto sita na mama yao, kama tulivyozoea kusema kwa makosa, walikuwa watano na mama yao; tuliwahesabu bila kutaka. Tulimwomba radhi. Alisema radhi ameitoa, kwa kuwa ni usiku wa Idi. Kisha akauinua mfuko wa mchele kwa mikono miwili, akaupima uzito wake hivyo hivyo mikononi, akauliza, "Hii ni ya mgao, au ni yenu?"

Tukajibu, "Ni yetu, mama. Ni fitri."

"Allah awalipe," akasema, akauweka chini. "Basi ya mgao bado."

Baada ya sikukuu tulirudi dawatini na barua ya pili, tukiomba chakula cha miezi ile. Jibu lilikuwa lile lile. Tulipeleka na ya tatu.