Mtoto akiumwa kichwa garini

Asubuhi za baridi Nanyala, gari la baba mmoja lililia tik-tik-tik. Injini ikipata moto, mlio unapotea. Akapuuza, hadi mwanawe akawa anaumwa kichwa na kusikia kichefuchefu kila wakienda Tunduma.

Fundi alisubiri injini ipoe, akamulika tochi. Pembeni ya manifoldi ya ekzosi palikuwa na masizi: gasketi imeungua, bolti moja imekatika. Chuma kikiwa baridi, moshi huvuja. Kikipata moto hutanuka, ufa ukajibana. Gasketi na bolti mpya zikamaliza mlio.

Wazazi, moshi huo una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Mtoto akilalamikia kichwa garini, simamisheni gari, mshusheni apate hewa, kisha mwiteni fundi.