Barua kutoka Kilindoni

Kaka mpendwa,

Safari ya kuja Mafia ilikuwa njema. Kutoka Nyamisati boti ilipita katikati ya mikoko ya delta ya Rufiji, maji mazito kwa tope, hadi tukatokea kwenye buluu tupu. Ami alinipokea gatini akiwa na spana mkononi.

Injini ya boti yake ilikuwa inachemka. Ikienda taratibu haina neno, lakini akiongeza mwendo mshale wa joto unapanda, na maji yanayotoka kwenye ekzosi ni kidogo. Alishaambiwa anunue pampu mpya ya maji. Tulipoifungua, impela ilikuwa nzima, mpira laini, mabawa yote sita yamesimama. Basi pampu haikuwa na kosa. Tukafuata njia ya maji hadi kwenye chombo cha kupozea, ile silinda yenye vijibomba vya shaba ndani.

Kaka, humo mlikuwa na jalala! Vipande vyeusi, chembe za kijivu, magamba meupe, na tope limegandamana. Ami akachukua ndoo aoshe, nikamwomba asubiri. Uchafu wa injini ukishaoshwa umepoteza ushahidi wote, na mafundi wengi hukosea hapo. Tukautandaza juu ya gazeti.

Tulianza na zile chembe za kijivu. Tukapitisha sumaku ya spika mbovu ya redio, haikunasa hata moja. Zingenasa, ningeanza kuogopa bering. Nikazikwaruza kwa kisu, zikakatika kwa urahisi. Zilikuwa zinki, mabaki ya ile fimbo inayowekwa humo makusudi iliwe na maji ya chumvi ili shaba isalimike. Tukaifungua fimbo yenyewe, tukakuta kisiki kisichofika ukucha. Hilo lilinitisha kuliko kuchemka, maana zinki ikiisha, kinachofuata kuliwa ni shaba.

Magamba tuliyakamulia ndimu, yakatoa povu: chokaa tu. Tope linajulikana linakotoka.

Vile vyeusi ndivyo vilivyotuhangaisha. Vilikuwa mpira, vimepinda, upande mmoja umechanika, mwingine laini wenye kiuvimbe kwenye ncha. Mabawa ya impela kabisa! Na impela yetu haijapungua kitu. Ami akanyamaza, kisha akakumbuka kwamba aliyemuuzia boti alisema impela iliwahi kumkatikia baharini, akaweka mpya. Akaweka mpya, lakini iliyokatika hakuitafuta. Vipande vikasukumwa na maji hadi kwenye midomo ya vijibomba, vikakaa humo kama vizibo, na tope likajijengea juu yake.

Tukavipanga kwenye gazeti kuunda upya impela ya zamani. Yalipatikana mabawa manne na nusu. Ami alitaka kufunga, lakini nilikataa katakata, kwa sababu kipande kilichobaki kitahama tu na kuziba kwingine. Tukavua mpira wa maji. Kwenye kona yake, bawa zima na ile nusu vilikuwa vimebanana.

Injini sasa inatema maji vizuri, lakini nimemkataza Ami kutoka nayo mpaka fimbo mpya ipatikane. Tafadhali ipitie Kariakoo. Nakutumia kisiki cha ile ya zamani kwa boti ya kesho. Wapime uzi wake dukani kwanza, na chukua mbili.

Mdogo wako