Neno «kukubali» na taksi za angani

Mwaka uliopita, katika zoezi la kutafsiri, kila mmoja wetu alipaswa kuandika kwa Kifaransa maswali machache juu ya jambo geni, kuyatafsiri kwa Kiswahili, kisha kuyajaribisha kwa watu watatu ambao hawakupita chuoni. Wenzangu walichagua benki, chanjo, sheria ya migodi. Mimi nilichagua taksi za angani, kwa sababu isiyo ya kielimu hata kidogo: nilikuwa nimeona picha ya VoloCity katika simu ya mdogo wangu na nilitaka kujua kama kweli mtu angeingia ndani ya kitu kile.

Kitu chenyewe kinafanana na helikopta ndogo. Kina rafadha 18 zinazozungushwa kwa umeme wa betri, na viti viwili, kimoja cha rubani. Abiria ni mmoja basi. Kilitakiwa kubeba watu mjini Paris wakati wa Michezo ya Olimpiki ya 2024, kikitua juu ya jukwaa linaloelea kwenye mto Seine, upande wa Austerlitz. Halmashauri ya jiji ilipinga. Serikali ya Ufaransa ikatoa ruhusa mwezi Julai, lakini michezo ikaisha bila abiria hata mmoja kulipa nauli. Mwisho wa mwaka uleule kampuni iliyokiunda, Volocopter ya Ujerumani, ikajitangaza mbele ya mahakama kuwa imeshindwa kulipa madeni.

Maswali yangu niliyaiga kutoka utafiti uliotolewa mwaka 2021 na EASA, shirika la Ulaya la usalama wa anga. Waliuliza wakaaji karibu 4000 wa miji sita, Paris ikiwemo, juu ya taksi hizi na vyombo vidogo vya kupeleka mizigo. Watu 83 kwa 100 waliupokea mpango huo vizuri. Namba nzuri. Nikadhani kazi yangu itakuwa nyepesi, kwani maneno makubwa yalikuwa mawili tu: «acceptation» na «demande». La kwanza nikaandika kukubali, la pili mahitaji, nikaenda zangu Katuba.

Mtu wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi, alijibu ndiyo kwa maswali yote kabla sijamaliza kuyasoma. Ni maendeleo, alisema. Wa pili, dereva wa taksi, alicheka: taksi ya mtu mmoja ni taksi gani? Kwetu Lubumbashi taksi ni ile unayobanana ndani na watu usiowajua. Nililiandika jibu lake pembeni kama mzaha, na nilikosea, maana yeye peke yake ndiye aliyeuliza juu ya neno lenyewe la kichwani.

Wa tatu alikuwa tantine wangu, anayeuza makala mbele ya nyumba yake. Nilimsomea: «Je, utakubali taksi za angani zipite juu ya mtaa wenu?» Akaendelea kupanga mifuko yake.

«Nitakubali ao nitanyamaza?»

Nikamwambia: kukubali, tantine.

«Ile malori inapitaka hapa, mwana, tuliikubali siku gani?»

Sikuwa na jibu. Malori ya madini yalianza kupita pale nikiwa mtoto. Hakuna aliyekuja kuuliza. Mwanzoni watu walilalamika kwa sababu ya vumbi, halafu wakahamisha vitanda vyao vyumba vya nyuma, halafu wakazoea. Mtu akipima leo atakuta mtaa «umekubali». Utafiti wa EASA wenyewe uliligusa jambo hili: sauti za nguvu ileile ziliwaudhi watu kidogo zikiwa za mji waliozozoea, na zaidi zikiwa za chombo wasichokijua. Yaani sikio huzoea. Lakini kuzoea si kukubali, na Kiswahili kina maneno mawili kwa mambo hayo mawili. Mimi niliyekaa miaka minne katika idara ya lugha za Kiafrika nilikuwa nimeyachanganya.

Tena kuna kukubali kwa yule anayepanda na kwa yule anayepitiwa juu. Tarehe 16 Mei 1977, mjini New York, helikopta ya abiria ilianguka ubavu juu ya paa la jengo la Pan Am, mguu wake mmoja ukiwa umevunjika. Rafadha iliwaua watu wanne waliokuwa juu. Wa tano alikuwa mwanamke aliyekuwa akitembea barabarani chini. Kipande cha rafadha kilimfikia. Wale wanne walikuwa wamekwenda kupanda. Yeye hakuwa na tiketi.

Nilimuuliza tantine swali la mahitaji bila tumaini kubwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Kama ni ya bagonjwa, ipite hata usiku. Hatuwezi kusema kitu.»

Nilijua anamfikiria nani. Binti yake, yaya yangu, alishikwa na uchungu usiku wa mvua, barabara imejaa maji, kila taksi ikikataa kuingia mtaani. Walimsukuma kwa mkokoteni hadi penye lami. Mtoto hakuishi. Na wakaaji wa ile miji sita ya Ulaya, walipoulizwa chombo cha angani kifanye kazi gani, waliweka mbele mambo ya wagonjwa wa dharura, kama tantine wangu. Ila wahandisi wanapohesabu «demande» wanahesabu walio tayari kulipa. Kwa hesabu hiyo, usiku ule Katuba haukuwa na mahitaji yoyote. Na katika VoloCity yaya angepanda peke yake, mama yake akibaki chini kwenye maji.

Profesa alinirudishia karatasi na 11 kwa 20. Chini ya «mahitaji» alipiga mstari mwekundu: haja, au soko? Nimeandika upya: kukubali, kuzoea na kuvumilia kila moja na swali lake, na mahitaji nimeyagawa mara mbili. Maswali manne yamekuwa tisa, na kwa Kifaransa hayarudi vizuri.

Nilipompelekea tantine yale mapya, hakuuliza nilipata ngapi. Aliuliza kama watu wa Paris waliulizwa. Nikasema ndiyo, waliulizwa, na wengi walikubali.

«Kupanda, ao kupitiwa?»

Nikafungua mfuko wangu kutafuta karatasi.