Mara 1.45

Alhamisi, 12 Machi 2026

Leo tena bawa la A380. Februari 2006, kule Toulouse, Airbus walilikunja kwenda juu kwa jeki, taratibu, mpaka likavunjika. Sheria inalitaka listahimili, kwa sekunde 3, mara 1.5 ya mzigo mkubwa kuliko wote ambao ndege inatarajiwa kukutana nao. Likaachia kwenye 1.45. Bawa la pili halikuvunjwa: waliongeza vyuma vya kulitia nguvu, wakapiga hesabu upya, EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, wakaridhika, na Desemba cheti cha ndege kikatoka. Wapo wanaosema walipendelewa. Mimi sioni hivyo. Hesabu ya Desemba haikuwa ile ya Januari. Ilishakutana na bawa lenyewe, ikajulikana ile ya kwanza ilipotoka kwa asilimia 3 hivi.

Ijumaa, 13 Machi

Kijana wa zamu ya usiku: "Mzee, kompyuta inadanganya, chuma hakidanganyi." Nikamwambia akasome habari za Comet, ndege ya abiria ya Waingereza. De Havilland, waundaji wake, walikijaza kipande cha kabini hewa na kuitoa, kikahimili zaidi ya mara 15,000. Kumbe kipande hichohicho kilishabanwa kabla kwa shinikizo maradufu, chuma cha pembe za madirisha kikavutika kidogo na kuwa sugu kuliko cha ndege zilizobeba abiria. Yoke Peter, Comet iliyofungua safari ya London–Johannesburg Mei 1952 ikipitia Entebbe, ilipasuka angani karibu na Elba, Januari 1954, baada ya safari 1,290. Ndipo watafiti wa Farnborough wakaitumbukiza Comet nyingine nzima kwenye tangi la maji: ikapasuka kwenye mzunguko wa 3,057, ukijumlisha safari zake za kweli. Kijana kanyamaza. Nadhani bado hajakubali.

Jumatatu, 16 Machi

Kwa majaribio ya kuwatoa watu ndegeni, afadhali kompyuta. Hamburg, Machi 2006, watu 873 walitoka ndani ya A380 gizani kwa sekunde 78, nusu ya milango imefungwa. Kikomo ni 90. Mmoja alivunjika mguu. Mwaka 1991, kwenye jaribio la MD-11 huko Marekani, mwanamke mmoja alipooza. Chuma tukivunje tutakavyo, ila mtu wa kujitolea asilemazwe ili tupate namba ambayo majaribio ya nyuma yangeweza kutupa. Isitoshe, jaribio lenyewe ni maigizo: watoto wachanga ni wanasesere watatu waliobebwa na abiria, na hakuna anayeng'ang'ania begi lake. Kwenye ajali halisi wanashuka nayo.