Katika mitaa ya mashujaa na mizimu ya New York

MSOMAJI, kama una kijana shuleni, huenda umewahi kuinua godoro lake ukakuta kijitabu chembamba chenye jalada la rangi kali: mtu aliyevaa nguo za kubana anaruka juu ya maghorofa, au mkono wa maiti unachomoza kaburini. Labda ulikirarua papo hapo. Labda wewe mwenyewe uliwahi kuraruliwa chako miaka hiyo, ukaambiwa kwamba vitabu vya katuni vinapumbaza watoto.

Basi siku utakapobahatika kufika New York, iwe ni kwa masomo, kwa kazi ama kumtembelea jamaa, usiishie kwenye Sanamu ya Uhuru na yale majumba marefu ambayo kila mgeni huyapiga picha. Tenga siku moja, na ukiweza iwe Jumatano, nitakueleza kwa nini. Vaa viatu vya kutembelea.

Anza kusini-mashariki mwa kisiwa cha Manhattan. Panda gari-moshi la chini ya ardhi, laini ya F, ushukie kituo cha Delancey na Essex. Mtaa huo unaitwa Lower East Side. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa umejaa wahamiaji, wengi wao Wayahudi waliotoka Ulaya ya Mashariki, familia nzima imebanana katika vyumba viwili vitatu na cherehani inalia mchana kutwa. Ukiijua Eastleigh, hutapata taabu kuuwazia. Hapa, katika barabara ya Essex, alizaliwa Jacob Kurtzberg mnamo Agosti 28, 1917. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Vijana wa barabara moja walipigana na wa barabara nyingine kwa mawe na ngumi, naye Jacob hakukosekana. Alijifunza kuchora peke yake, na baadaye akajiita Jack Kirby.

Huyu ndiye aliyeshirikiana na Joe Simon kumbuni Captain America. Toleo la kwanza lilifika madukani Desemba 1940, mwaka mzima kabla ya Marekani kuingia vitani, na jaladani shujaa huyo anamtandika Hitler ngumi ya taya. Siku hizi picha hiyo inaonekana kama mzaha. Wakati ule, New York kwenyewe kulikuwa na watu waliompenda Hitler, na Simon alisimulia kwamba walitishiwa maisha hata meya wa jiji, Fiorello La Guardia, akawaahidi ulinzi wa polisi. Na ukisoma visa vya Fantastic Four, vilivyoanza 1961, utakuta yule jitu la mawe anatoka katika barabara iitwayo Yancy. Ondoa pazia dogo hilo, uone Delancey ambapo umesimama.

Sasa fuata Delancey kuelekea magharibi. Ukivuka Bowery barabara inabadilika jina na kuitwa Kenmare, kisha inakomea Lafayette. Hapo tafuta jengo nambari 225. Hakuna la ajabu la kutazama, ni jengo kama mengine. Lakini ndani yake ndimo zilimokuwa ofisi za EC, kampuni ndogo ambayo William Gaines aliirithi baba yake alipokufa katika ajali ya mashua mwaka wa 1947. Mwaka wa 1950 Gaines na mhariri wake Al Feldstein walianzisha majarida matatu ya kutisha: Tales from the Crypt, The Vault of Horror na The Haunt of Fear. Mume aliyemuua mkewe anafuatwa na maiti yake. Tajiri mchoyo anaadhibiwa kwa njia ambayo sitaisimulia katika ukurasa ambao watoto wanausoma wakinywa chai. Kila hadithi ilifunguliwa na kufungwa na kizee mwenye utani mbaya. Ukitafakari, si mbali sana na hadithi za mazimwi ambazo nyanya zetu walitusimulia gizani, isipokuwa nyanya alikuwepo kutushika mkono.

Wazazi wa Marekani hawakufurahi. Hata kabla ya EC kuanza mizimu yake, tayari mwaka wa 1948 katika mji wa Binghamton, jimbo hilo hilo la New York, watoto wa shule walikusanya vitabu vya katuni nyumba kwa nyumba na kuvitia moto uwanjani huku wakubwa wakitazama.

Shuka na Lafayette kuelekea kusini, mwendo wa robo saa hivi, hadi uwanja wa Foley. Panda macho uone mahakama kubwa yenye nguzo za mawe na mnara juu yake. Mnamo Aprili 21, 1954, kamati ndogo ya Seneti iliyochunguza uhalifu wa vijana iliketi humo. Shahidi mkuu wa mashtaka, tukiweza kumwita hivyo, alikuwa tabibu wa magonjwa ya akili, Dkt Fredric Wertham, ambaye mwaka huo huo alikuwa ametoa kitabu chenye kudai kwamba katuni zinawafunza watoto uhalifu. Siku hiyo hiyo Gaines alikwenda mwenyewe kujitetea. Seneta Estes Kefauver aliinua jalada lenye picha ya mtu ameshika shoka kwa mkono mmoja na kichwa cha mwanamke kwa mwingine, akamuuliza kama hiyo ni picha ya heshima. Gaines akajibu kwamba kwa jarida la kutisha inafaa. Isingefaa kama kichwa kingeinuliwa juu zaidi damu ionekane ikidondoka. Huo haukuwa utetezi, ulikuwa kujichimbia kaburi. Kesho yake magazeti yalimchamba.

Lakini usiondoke haraka, kwa sababu jengo hilo lina jambo linalotuhusu sisi. Leo linaitwa kwa jina la Thurgood Marshall, wakili Mweusi aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Ni Marshall huyu aliyekwenda London mwaka wa 1960, katika mkutano wa Lancaster House, kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya, akaandika rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya katiba yetu. Na Mei 17, 1954, wiki nne tu baada ya Gaines kuhojiwa humo, Marshall na wenzake walishinda kesi iliyokomesha sheria ya kuwatenga watoto Weusi katika shule za Marekani. Kati ya ushahidi uliotumiwa katika kesi ya jimbo la Delaware, moja ya zile zilizounganishwa katika hukumu hiyo, ulikuwamo wa tabibu aliyewachunguza watoto na kueleza jinsi ubaguzi unavyowaumiza. Tabibu huyo alikuwa nani? Dkt Wertham, yule yule.

Hapa ndipo mimi hushindwa kumchukia. Chukua gari-moshi la 2 au la 3 hadi Harlem, ushuke 135th Street, kisha tembea hadi kanisa la St. Philip's. Katika chumba cha chini cha nyumba ya kanisa hilo Wertham alifungua zahanati ya akili mwaka wa 1946, mwandishi Richard Wright akiwa miongoni mwa waliomsaidia. Hospitali nyingi hazikuwajali Weusi. Pale mgonjwa alilipa senti 25, na asiye nazo hakufukuzwa. Watoto wa Harlem waliomwambia kwamba wanasoma katuni walikuwa wagonjwa wake halisi, na aliwapenda. Ila mtafiti Carol Tilley alipozipekua karatasi zake, zilizofunguliwa 2010, aligundua kwamba daktari alikuwa amepinda maneno ya watoto hao hapa na pale, akayaunganisha na kuyaongezea ili yatoshee hoja yake.

Matokeo yake? Mwaka huo wa 1954 wachapishaji waliogopa serikali, wakajiundia baraza la kujichuja. Kila jarida lilitakiwa kupata muhuri mdogo jaladani, na bila muhuri wenye maduka walilikataa. Mizimu, mazombi na wanyonya damu walipigwa marufuku. EC ikaporomoka. Mwishoni mwa 1955 Gaines alipeleka kwa wachujaji hadithi moja aliyokwisha kuitoa 1953: mwanaanga kutoka duniani anakagua sayari ya maroboti, akute maroboti ya rangi ya machungwa yanayabagua ya buluu ingawa ndani yameundwa sawa. Anawaambia hawajawa tayari kujiunga na mataifa ya nyota. Katika picha ya mwisho anavua kofia yake, nasi tunaona ni mtu Mweusi, uso unang'aa kwa matone ya jasho.

Mkuu wa wachujaji, Jaji Charles Murphy, alisema mtu huyo asiwe Mweusi. Gaines na Feldstein wakakataa, maana bila uso ule hadithi haipo. Jaji akalegeza: basi angalau jasho liondolewe. Wakakataa tena, wakaichapa kama ilivyo. Lilikuwa jarida la mwisho la katuni ambalo EC ilitoa, ingawa Mad, lililogeuzwa gazeti la vichekesho, liliendelea kumtajirisha Gaines. Muhuri nao uliishi mpaka 2011, wachapishaji wa mwisho walipouacha.

Sasa Jumatano yako. Maduka ya katuni hupokea matoleo mapya siku hiyo, na jioni utakuta foleni ya makarani, wanafunzi na wazee wenye mvi. Wateja wa kudumu huacha orodha ya majina, naye mwenye duka huwawekea toleo la kila mwezi kwenye folda. Jarida jipya ni kama dola nne au tano, zaidi ya shilingi 500 za kwetu kwa kurasa ishirini na ushei, ghali kusema kweli. Nyuma ya duka kuna masanduku marefu ya kadibodi yenye matoleo ya zamani, kila moja ndani ya mfuko wa plastiki na kipande cha kadibodi kisicho na asidi, kwa sababu karatasi ile duni hugeuka manjano na kukatika kama jani kavu. Nakala moja ya Action Comics nambari 1, iliyomleta Superman mwaka wa 1938 kwa senti 10, iliuzwa dola milioni 6 mwaka wa 2024. Vijana wawili waliombuni, Jerry Siegel na Joe Shuster, walilipwa dola 130 na kupoteza haki zao zote. Bei hizo kubwa zinatokana na wale mama waliotupa na wale waliochoma.

Wewe usishindane na matajiri. Omba nakala iliyochapishwa upya ya Giant-Size X-Men nambari 1 ya mwaka wa 1975. Humo utamkuta Storm, mwanamke anayeamuru mvua na radi, ambaye mama yake ni Mkenya na baba yake Mmarekani Mweusi. Anaonekana mara ya kwanza huku Kenya, watu wakimwomba avunje ukame. Usitafute Nairobi wala Kisumu katika picha hizo, hutaziona, na mavazi yake yatakuchekesha. Mnunulie yule kijana wa chini ya godoro. Ukirudi uwanja wa ndege kibebe mkononi, kati ya kurasa za gazeti gumu, maana ndani ya sanduku kitakunjika pembe.